Aliyesikia la Mkuu

Lugha yetu ina methali nyingi nzuri, na mbili kati yake zinaua watu kazini. Moja husemwa msibani, mara tu mkurugenzi anaposhuka kwenye gari na bahasha ya rambirambi mkononi: ajali haina kinga. Nyingine hutangulia, siku au dakika chache kabla ya msiba wenyewe: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hii ya pili humpandisha mtu kwenye jukwaa bovu. Ile ya kwanza huja kumfunika shuka.

Sina ugomvi na wahenga. Nadhani waliosema ajali haina kinga walikuwa wakimfariji mtu ambaye nduguye alipigwa na radi shambani, au ambaye mtumbwi wake ulikutwa na dhoruba ambayo hakuna mvuvi aliyeiona ikija. Ni maneno ya huruma. Lakini yakitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua mbao nzima akanunua zilizooza, huwa ni utetezi wa mahakamani uliovishwa kanga. Wahenga haohao walituachia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo sijawahi kumsikia mwajiri akiitamka kando ya jeneza.

Na kuna wakati ufa huwa ni ufa kweli.

Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar, nje kidogo ya jiji la Dhaka nchini Bangladesh, nyufa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Hazikuwa nyufa za kutafuta kwa tochi. Watu walitolewa nje, waandishi wa habari wa televisheni wakafika, mhandisi aliyeitwa kuangalia akasema jengo si salama. Ghorofa za chini zilikuwa na maduka na tawi la benki. Juu yake palikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo za kupelekwa Ulaya na Marekani. Kesho yake asubuhi benki haikufunguliwa; wafanyakazi wake walikuwa wameambiwa wasije. Maduka nayo yalibaki yamefungwa. Mafundi cherehani, wengi wao wasichana, walisimama nje wakilitazama lile jengo na hawakutaka kuingia. Wasimamizi wakawaambia waingie, na wengine wakakumbushwa kwamba atakayebaki nje asahau mshahara wa mwezi. Wakaingia. Umeme ukakatika, majenereta yaliyokuwa ghorofa za juu yakawashwa, jengo likatetemeka, na kabla ya saa tatu asubuhi likawa limelala chini. Walikufa watu 1,134.

Naomba msomaji akae hapo kidogo, asikimbilie huruma. Wale wa benki hawakuwa na macho makali kuliko wale wa cherehani. Hawakuwa wamehudhuria semina ya kutambua hatari. Ufa waliouona ni mmoja, ukuta mmoja, siku moja. Tofauti ilikuwa kwamba karani wa benki akibaki nyumbani mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi kama kawaida, na fundi cherehani akibaki nyumbani mwezi mzima umekwenda. Aliyeweza kusema siingii bila kulala njaa alipona. Mimi nasema utamaduni wa usalama kazini ni hapo tu ulipo, na yote mengine tunayoyaita kwa jina hilo, mabango, kofia, fulana zinazong'aa, wiki ya usalama yenye keki na matarumbeta, ni samani.

Jina lenyewe, utamaduni wa usalama, lilisambaa duniani baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka mwaka 1986, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipokuwa wakitafuta neno la kueleza kitu kilichokosekana pale, ambacho hakikuwa vali wala waya. Lilikuwa swali gumu sana: watu wenye elimu kubwa namna ile walifikaje mahali pa kuendelea na jaribio ambalo mashine yenyewe ilikuwa ikiwaonya? Leo jina hilohilo limetufikia likiwa bidhaa ya ukumbi wa hoteli, na chai ya saa nne na sambusa mbili mbili. Mtoa mada anaonyesha picha ya mtu aliyepanda nguzo bila mkanda, ukumbi unacheka, cheti kinatolewa. Nimekaa kwenye kumbi hizo. Kibarua sijawahi kumwona ndani yake.

Hatuhitaji kwenda Bangladesh, kwa kweli. Siku 26 tu kabla ya Rana Plaza, asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine, Kariakoo, likafukia watu waliokuwa kwenye shughuli zao za Jumamosi, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa ikisikiliza habari za waliokuwa wakiongea kutoka chini ya kifusi. Zaidi ya watu 20 hawakutoka hai. Kila mara huundwa kamati, na mimi sizidharau kamati. Ila kamati huja kuuliza nondo zilikuwa na unene gani na kibali kilisema ghorofa ngapi. Swali ambalo ningetamani liulizwe mapema zaidi ni hili: katika watu wote waliowahi kufanya kazi pale, nani aliona kitu, alimwambia nani, na alijibiwa nini?

Nauliza kwa sababu jibu moja nililisikia kwa masikio yangu.

Mwaka wa pili wa chuo nilipangiwa mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi, kwenye mjengo mmoja hapo hapo Dar. Jina la mkandarasi si muhimu. Wenzangu kadhaa wa darasa walirudi chuoni na kisa kinachofanana, kila mmoja na saiti yake. Getini palikuwa na bango la njano lililoandikwa USALAMA KWANZA. Stoo kulikuwa na kofia ngumu ishirini, mpya, zimefungwa kwenye nailoni. Mtunza stoo aliziita kofia za wageni. Zilitoka siku mwenye jengo au mkaguzi anapokuja, jioni zikarudi, zikafutwa vumbi, zikahesabiwa. Vibarua walikuwa zaidi ya 60. Wengi walivaa yeboyebo.

Siku ya kumwaga zege ya slabu ya kwanza kila mtu huwa na haraka na sauti ya juu, na haraka hiyo ina sababu zake. Mashine ya kuchanganyia imekodiwa kwa saa. Saruji ikishakutana na maji haimsubiri mtu. Ukikatiza katikati unaacha kiungo dhaifu ambacho mhandisi atakuja kukukasirikia. Kwa hiyo ndoo zinapanda, watu wanaimba, foromani anapiga kelele, na slabu inazidi kuwa nzito juu ya mbao zilizoshikiliwa na mirunda.

Saidia fundi mmoja wa rika langu alikuwa akipita chini akaona mirunda miwili ya pembeni imeanza kutitia. Maji ya mashine yalikuwa yamelowesha udongo, na chini ya mirunda ile hakuna aliyeweka ubao wa kuikalisha. Akamwendea foromani. Nilikuwa hatua chache pembeni, nahesabu mifuko ya saruji.

“Mzee, ile mirunda ya kona inatitia.”

Foromani hakugeuka. “Dogo, umekuja kubeba zege au kukagua? Panda, wenzako wanakusubiri.”

Akapanda. Alikuwa kijana wa adabu, na ilikuwa siku yake ya tatu tangu achukuliwe pale getini alfajiri pamoja na wengine wanaosimama kusubiri kuchaguliwa.

Haikufika nusu saa. Kona ile ya mbao ilishuka na zege yake na watu wanne. Watatu waliinuka na michubuko. Yeye mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, sehemu mbili. Walimpeleka hospitali kwa bajaji, mguu umefungiwa kipande cha mbao kilichookotwa kwenye slabu ileile.

Siku mbili baadaye fomu ya ajali ilikuwa mezani kwa msimamizi, imejazwa. Penye nafasi ya chanzo palikuwa pameandikwa: uzembe wa mfanyakazi, hakuzingatia maelekezo. Penye nafasi ya hatua zilizochukuliwa: wafanyakazi wamekumbushwa kuwa makini. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi mno. Hakuzingatia maelekezo! Alizingatia maelekezo, ndiyo maana alikuwa juu. Jumamosi ilipofika daftari la malipo lilionyesha alilipwa nusu siku, kwa kuwa nusu ya pili hakufanya kazi. Vibarua wenzake walichangishana, wakapeleka hospitali kilichopatikana.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia.

Nimeifikiria methali hiyo tangu siku ile, na nadhani tatizo ni kwamba tumeihamisha nyumba. Mkuu wa methali alikuwa mzee wako. Alikuwa amepita njia ile kabla yako, alijua mahali lilipo shimo, na wewe ukivunjika atakayekubeba mgongoni ni yeye. La mkuu lilikuwa na thamani kwa sababu hasara yenu ilikuwa moja. Mkuu wa saiti hasara yake na yako ni mbili tofauti. Ukianguka wewe, yeye anachukua mwingine getini kesho alfajiri. Slabu ikichelewa, yeye ndiye anayeitwa ofisini. Hata foromani yule sikumwona kama mtu katili. Alikuwa ameambiwa mashine inarudishwa saa nane mchana. Aliyemwambia alikuwa ameambiwa na mwingine. Ukiifuata kamba hiyo unafika kwa mtu mwenye kiyoyozi ambaye hajawahi kukanyaga tope la pale, na ambaye kwa dhati kabisa anaamini kwamba kampuni yake inajali usalama, kwani bango amelilipia yeye.

Neno uzembe linahitaji kushtakiwa pekee yake. Sisemi wazembe hawapo. Wapo, na mtu anayekuja kazini amelewa akapanda winchi anastahili kufukuzwa. Ila angalia jinsi neno hilo linavyotembea: linashuka tu, halipandi. Kibarua anayesahau mkanda ni mzembe. Anayepanga kazi ya siku mbili ifanywe kwa siku moja ni mchapakazi. Dereva wa lori anayesinzia alfajiri ni mzembe, na aliyempangia safari mbili mfululizo bila kulala ni meneja mwenye kujua kubana matumizi. Uchunguzi unaoishia kwenye uzembe wa marehemu ni uchunguzi ulioanza kwa kuamua wapi usifike.

Halafu kuna takwimu. Umewahi kuona lile bao la getini linalohesabu siku bila ajali? Siku 212. Siku 213. Kwenye baadhi ya kampuni namba ikifika mahali fulani watu wote wanapewa kuku na soda, au bonasi. Inaonekana ni jambo zuri mpaka ufikirie mtu aliyekatwa kidole siku ya 364. Anayeripoti anawanyang'anya wenzake 80 kuku wao. Basi kidole kinafungwa kitambaa, na bao linaendelea kuhesabu.

Namba hizo hazidanganyi vibarua tu, zinawadanganya hata wakubwa. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, wakubwa wa BP na wa Transocean walikuwa wamekuja kutembelea, na moja ya mambo waliyokuja kupongeza ni miaka saba bila ajali ya kumkosesha mfanyakazi siku ya kazi. Siku hiyohiyo kipimo cha mgandamizo wa kisima kilitoa majibu yasiyoeleweka. Yalitafutiwa maelezo ya kutuliza roho, kazi ikaendelea. Usiku ule mtambo ulilipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa miezi. Miaka saba ya kutoteguka vifundo vya miguu haikuwa imewaambia chochote kuhusu kisima.

Najua ninachojibiwa nikisema haya mbele ya wenye kampuni. Kwanza wanasema: wafanyakazi wetu wenyewe hawataki, unawapa buti wanauza. Wengine wanauza, ni kweli. Mtu anayelipwa shilingi 15,000 kwa siku, akipewa buti za elfu 60, ambazo ni namba 44 na yeye anavaa 40, anafanya hesabu yake. Lakini buti na kofia ni kitu cha mwisho kabisa katika kumlinda mtu, kila kitabu cha usalama kinasema hivyo. Kwanza iondoe hatari, ukishindwa, ibadilishe, ukishindwa, izungushie uzio, ukishindwa kabisa, mvishe mtu kofia. Mirunda ile ingewekewa ubao chini, mguu ungekuwa mzima hata ndani ya yeboyebo.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi: ukimpa kibarua wa Kiafrika ruhusa ya kusimamisha kazi atasimamisha kila siku, hawa watu wanapenda kukaa. Wanasema hivyo watu weusi kwa weusi wenzao, bila haya.

Kuna kiwanda kimoja cha magari huko Fremont, California, ambacho ningependa kila anayesema hivyo akisome. Kilikuwa cha General Motors, na sifa yake ilikuwa mbaya: watoro wengi, migomo, magari mabovu, ugomvi usiokwisha kati ya wafanyakazi na wakubwa. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale waliofukuzwa, pamoja na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Kilichobadilika kilikuwa namna ya kuendesha kazi. Juu ya kila kituo ilipita kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, au akizidiwa, alivuta. Kiongozi wa kikundi alikuja mbio kumsaidia, na wasipomaliza kwa wakati mstari wote ulisimama. Katika kiwanda cha zamani kusimamisha mstari ilikuwa dhambi kuliko zote. Watu walewale, mji uleule, na kwa muda mfupi magari yao yakawa miongoni mwa yale yenye kasoro chache zaidi yaliyotengenezwa Marekani. Utoro ukashuka sana.

Kamba yenyewe ni rahisi kununua. Kinachoshinda wengi ni zile sekunde chache baada ya kuivuta: yule anayekuja, anakuja na uso gani? Akija na “asante, kuna nini,” kamba inafanya kazi. Akija na “nani huyu,” unaweza kuining'iniza miaka kumi na haitaguswa.

Na mfano mwingine tunao nyumbani, ingawa nimegundua vijana wengi hawaujui. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizofanyiwa jaribio la orodha ya usalama ya upasuaji la Shirika la Afya Duniani, pamoja na hospitali za London, Seattle, Toronto na kwingineko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Orodha ni karatasi moja. Kabla ya kisu kushuka, waliomo chumbani wanatajiana majina na kazi zao. Wanathibitisha mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini na upande upi. Baada ya kazi vifaa na pamba zinahesabiwa kwa sauti. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Watu wengi huisifu karatasi. Mimi kinachonivutia ni ile sehemu ya kutajiana majina, ambayo madaktari kadhaa waliiona kama mchezo wa chekechea. Muuguzi ambaye ameshafungua kinywa mara moja chumbani mle, akasema jina lake mbele ya bingwa, ni rahisi kwake kukifungua mara ya pili kusema “daktari, pamba moja haijaonekana.” Aliyeingia kimya atatoka kimya, na pamba itabaki tumboni. Wanaosema heshima zetu za Kiafrika haziruhusu mdogo kumkosoa mkubwa waende Ifakara wakaulize kama kuna aliyekosa adabu.

Sheria je? Karatasi tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya nayo ina sheria yake ya 2007. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 155 mwaka 1981, na kifungu chake cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa kuwa ana sababu ya msingi ya kuamini ipo hatari kubwa na ya papo hapo alindwe asipate madhara kwa kujiondoa kwake. Juni 2022 shirika hilo likaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, mahali zilipo haki ya kutotumikishwa kwa nguvu na haki ya kuunda chama. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi.

Yote mazuri. Sasa kimpelekee kifungu cha 13 yule kijana wa mirunda. Hana mkataba. Jina lake kwenye daftari limeandikwa la kwanza tu, na huenda si lake. Akikataa kupanda, hakuna anayemfukuza. Kesho alfajiri hachaguliwi tu pale getini. Utalishtakije jambo ambalo halikufanyika? Nchi yetu inajengwa na deiwaka, na ulinzi wetu tumeuandikia watu wenye barua ya ajira.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na ni cha fedha. Kila mkataba wa ujenzi, na zaidi ile ya serikali ambayo kodi zetu ndizo zinazoilipa, uwe na fungu la siku zilizosimamishwa. Kibarua yeyote akisimamisha kazi kwa hofu ya hatari, yeye na kikundi chake walipwe siku nzima kutoka kwenye fungu hilo, hata ikionekana baadaye kwamba mrunda ulikuwa mzima. Hasa ikionekana ulikuwa mzima. Jina la aliyesimamisha liandikwe, na akiachwa getini wiki inayofuata mkandarasi aeleze kwa nini. Bangladesh, baada ya ule msiba, vyama vya wafanyakazi na kampuni kubwa za nguo zilisaini mapatano ya kisheria, ambayo pamoja na ukaguzi wa majengo yalitambua haki ya mfanyakazi kukataa kuingia kwenye jengo analoliogopa. Ilichukua watu 1,134 kuandika hivyo. Sisi tunaweza kunakili bure.

Watasema ni gharama. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa mwaka 1987, aliwaambia wawekezaji kwamba lengo lake la kwanza si faida, ni wafanyakazi wasiumie. Baadhi yao waliona wamepata kichaa. Alipoondoka, kiwango cha wanaokosa kazi kwa kuumia kilikuwa kimeshuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi karibu 0.2, na faida ilikuwa imepanda mara kadhaa. Nauleta mfano huu kwa shingo upande. Sipendi hoja inayotaka mguu wa mtu uthibitishe kwanza kwamba unalipa. Lakini kwa kuwa ndiyo lugha wanayoielewa, nimeitumia.

Wewe unayesoma hapa, kuna uwezekano mkubwa utakuwa mkuu wa mtu kabla hujafika miaka 30: injinia wa saiti, daktari wa zamu, afisa rasilimali watu, au msimamizi wa vijana wa pikipiki wanaopeleka chakula kwa kukimbizana na dakika. Siku ya kwanza watakuzungusha. Watakuonyesha bango, kabati la huduma ya kwanza, na daftari la ajali lililo safi. Ukimaliza kuzungushwa muulize foromani ni lini mara ya mwisho kibarua alisimamisha kazi hapa, na Jumamosi ile alilipwa shilingi ngapi. Kisha mtafute kibarua, umuulize swali hilohilo, foromani akiwa mbali.